Alisimama au Alilala

Uiseong, 3 Machi 1996

Gang-uk mjukuu wangu,

Mimi mzima. Goti la kulia linauma mvua ikikaribia, la kushoto linauma bila sababu. Barafu imetoka mashambani na vitunguu saumu vimeanza kunyanyua plastiki. Bun-i jirani amepata kitukuu wa kike, ana sauti ya fahali. Gwak mkuu wa kijiji bado anakunywa kahawa asubuhi mpaka jioni na kuiita kazi. Kaburi la babu yako nimelifagia mwenyewe, maana wewe hukuja.

Ile redio uliyoifunga kwenye pikapu mwaka mpya, na lile tarumbeta la kutolea sauti juu ya paa, uliviacha ukakimbilia mjini bila kunieleza kitu. Nikibonyeza, inanguruma ndani. Nikibonyeza tena, kaseti inatoka nje kama ulimi wa mtu mjeuri. Mpaka leo nauza vitunguu kwa koo langu mwenyewe. Niandikie kitufe kipi ni cha nini, na uandike herufi kubwa.

Sasa sikiliza. Juzi nilikuwa kwa Bun-i tunatazama habari. Ajali ya ukungu kwenye barabara kuu. Mwenye gari la kuvuta magari, jina lake Tak Jun-bo, kapitiwa na lori, kafa. Wakamwonyesha dereva wa lori, mzee anaitwa Ok, mikono imefungwa, uso umemshuka. Anasema, "Alikuwa amelala barabarani. Sikuona mtu aliyesimama." Polisi wanasema shahidi kaona marehemu amesimama anapungia magari mkono, na mzee kamgonga kwa uzembe.

Nyuma ya yule mzee lilikuwepo gari lako la kuvuta. Usiniambie magari hufanana. Mbele yake ananing'inia samaki mkavu niliyekufungia kwa uzi mweupe siku ile tulipolibariki kwa kulimwagia magurudumu pombe ya mchele. Fundo ni langu. Nilifundishwa na mama yangu na hakuna mwingine anayefunga vile.

Kwa hiyo ulikuwepo, na shahidi ni wewe. Nakuuliza jambo moja tu. Yule mtu alisimama au alilala?

Usipige simu. Kwenye simu unasema "nzuri, Bibi" kisha unakata. Kwenye karatasi utatoka jasho.

Unasikiliza ile kaseti ya nyimbo niliyokununulia ili usisinzie njiani? Kula vizuri.

Bibi yako, Bae Mal-sun


Suwon, 25 Machi 1996

Bibi,

Nakuinamia kutoka huku. Nina afya. Baridi imepungua, na mama mwenye nyumba ananipa kimchi, kabichi ya kuchachusha isiyofika hata nusu ya yako. Mpe Bun-i pongezi za kitukuu. Kaburi la Babu nitalifanyia kazi sikukuu ya mavuno, naahidi.

Redio ni rahisi. KITUFE KIKUBWA CHA DUARA kushoto ndicho cha kuwasha, na ukikizungusha sauti inapanda. Kaseti usiisukume kwa gumba kana kwamba unashindilia kabichi kwenye mtungi. Iguse tu, itaingia yenyewe. Ikifika mwisho inajigeuza na kuanza upya, kwa hiyo jirekodi tangazo lako mara moja kwenye redio kubwa ya Bun-i, basi, koo lako lipumzike. Chini ya redio kuna SWICHI NYEKUNDU. Ikiwa chini, sauti inabaki ndani ya gari. Ikiwa juu, inatoka kwenye tarumbeta la paani, pamoja na kile kipaza sauti cha mkononi. Ukimaliza kuuza, ishushe. Narudia, Bibi, ishushe.

Na kwa kuwa sasa unaendesha mpaka masoko ya mbali, shika na haya. Gari likizima njiani, washa taa za dharura, lisogeze pembeni kama linasogea. Kama halisogei, achana nalo. Teremka upande usio na magari, vuka chuma cha kingo, panda juu ya tuta, ukae huko. Pembetatu nyekundu huwekwa nyuma, mbali, na kwenye ukungu mbali zaidi. Lakini mtu kwanza, pembetatu baadaye, gari mwisho. Na ukigongana na mtu, usifanye wanavyofanya wote, kusimama katikati ya njia na kopo la rangi, kunyunyizia matairi alama na kubishana nani mkosaji mpaka watu wa bima waje. Nimewafunika shuka wengi waliokuwa upande wa haki.

Kuhusu televisheni, polisi wameshamaliza kazi yao. Usijichoshe.

Kaseti yako ipo salama kwenye droo. Redio ya gari langu nimeing'oa.

Mjukuu wako, Gang-uk


Uiseong, 14 Aprili 1996

Gang-uk,

Hatujambo huku. Nimepalilia shamba la chini peke yangu. Bun-i alikuja kusaidia, akakaa akazungumza. Mvua imenyesha ya kutosha.

Redio yako imenivunjia heshima. Nilijirekodi vizuri kabisa: "Vitunguu saumu, vitunguu saumu vya Uiseong, punje sita, vikali kuliko mama mkwe, njooni mama zangu." Nikauza sokoni mpaka kikapu cha mwisho. Njiani kurudi nikampakia Bun-i, tukawa tunaongea. Nikamweleza kwamba Gwak anatembea kama bata aliyemeza ufunguo, kwamba pesa za mtaro wa kijiji zimeishia kwenye kahawa yake, na kwamba mkewe anampaka rangi ya nywele kwa brashi ya viatu. Tumepita mashamba yote tunacheka. Kumbe swichi iko juu na kipaza sauti kipo mapajani mwa Bun-i. Tulipofika kijijini watu wamesimama milangoni. Gwak mwenyewe yupo kati yao, kikombe mkononi.

Akasema, "Mal-sun, endelea. Ulikuwa hujamaliza habari ya nywele."

Nikamwambia nimemaliza. Sasa hanisalimii. Sijamwomba radhi, maana hakuna nililosema uongo.

Na hiyo hotuba yako ya kusogeza gari mimi siikubali. Mtu akinigonga halafu nikasogeza, kosa linakuwa langu. Kila mtu mwenye akili anajua hivyo.

Lakini nimeisoma mara nyingi, na kuna kitu ndani yake. Unasema mtu kwanza, gari mwisho. Unasema kwenye ukungu mtu akae juu ya tuta. Tak huyu kavuta magari miaka mingi kuliko wewe, hajui hayo? Alikuwa anafanya nini katikati ya njia? Pembetatu ilikuwa wapi?

Mzee Ok wamemwonyesha tena. Mkewe alikuja na chupi na soksi za kumpelekea gerezani, wakamwambia rangi hairuhusiwi.

Umejibu habari za kabichi, hukujibu nililouliza. Alisimama au alilala? Na dereva gani anang'oa redio ya gari lake?

Bibi yako


Suwon, 30 Mei 1996

Bibi,

Nisamehe kwa kuchelewa. Mimi mzima.

Barua yako ya Aprili haikuanzia kwangu. Tajiri wangu, Ma Dong-pal, huwa anafungua barua zinazofika ofisini. Aliisoma mezani mbele ya madereva wote. Alicheka sana pale kwa Gwak, hata akarudia kusoma. Kisha akafika mwisho. Akaikunja vizuri, akanirudishia, akanipiga kwa chupa. Nimepoteza meno mawili, upande ambao hauonekani nikiwa nimefunga mdomo.

Nimehama chumba. Tumia anwani iliyo nyuma ya bahasha hii.

Ukiona gari la kuvuta la rangi ya njano barabara za huko, usisimame. Mtu akija kuniulizia, mwambie tumegombana na hujui nilipo.

Alisimama, Bibi. Nimeshaandika hivyo polisi na nimeweka alama ya kidole. Usiulize tena, nakuomba. Siyo kwa ajili yangu.

Gang-uk


Uiseong, 21 Juni 1996

Gang-uk,

Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zimelegea. Nimeanza salamu: mimi niko hai, Bun-i yuko hai, Gwak yuko hai. Mavuno ni mazuri, punje zimejaa. Sasa nyamaza usome.

Jumanne asubuhi nilikuwa napeleka mzigo wa kwanza sokoni, nikiwa katikati ya mashamba pale kwenye mfereji. Gari la njano likanipita, likajilaza mbele yangu. Nikapiga breki, gurudumu moja likaingia mtaroni. Wakashuka watatu. Mbele mtu mnene, shingo haipo, amevaa viatu vya mjini. Mkononi ana chuma cha jeki.

Nikafunga milango. Najua umesema mtu ashuke. Kuna wakati sheria zako hazifai.

Akainama dirishani akaniuliza, "Bibi, gari limekuharibikia? Mimi kazi yangu kuokoa watu."

Nikamwambia, "Gari langu zima. Lako ndilo limeegeshwa na mlevi. Litoe."

"Mjukuu wako anakuandikia sana?"

"Angalau anaandika. Wewe unasoma za wenzako."

Akatabasamu, akavunja kioo. Akakivunja kwa pigo moja, vipande vikaniingia kwenye nywele na mdomoni. Akaingiza mkono akaukamata wangu wa kulia, akaubana juu ya usukani. Akasema, "Unauliza watu alisimama au alilala. Nikuonyeshe kulala kulivyo?" Akashusha chuma. Vidole vitatu. Nilivisikia vikivunjika kabla havijaanza kuuma. Wenzake huku nyuma wanachana matairi na kumwaga magunia yangu mtaroni.

Akanyanyua tena. Nikajilaza kwenye kiti. Alidhani nimezimia, akawaambia wenzake, "Imekwisha na hii." Hiyo *hii* ni mimi. Kwa mkono wa kushoto nikapandisha swichi nyekundu, nikaigusa kaseti, ikaingia yenyewe kama ulivyosema, nikazungusha kitufe cha duara mpaka kikagoma.

"Vitunguu saumu, vitunguu saumu vya Uiseong, punje sita, vikali kuliko mama mkwe."

Sasa fikiria. Bonde zima linalima vitunguu saumu. Asubuhi ile bonde zima limeinama linang'oa vitunguu saumu. Nani mwenye akili anakuja kuuzia vitunguu watu wa pale? Watu wakainuka. Nikawaona kwa mbali, kofia baada ya kofia. Ma akawa anatafuta pa kuizima, anabonyeza hovyo, haijui redio yako. Nikamng'ata kifundo cha mkono mpaka nikaonja chumvi. Akanipiga usoni kwa kiwiko.

Wa kwanza kufika ni Gwak. Bata yule alikimbia. Ana uma wa kung'olea vitunguu, akamchoma nao mmoja pajani, ukaingia ukabaki umesimama. Wanawake wakaja na majembe na mundu. Ma akazungusha kile chuma, akamvunja Bun-i mtulinga, nikausikia mimi nikiwa ndani ya gari. Bun-i ana meno manne. Yote manne aliyafungia kwenye sikio la Ma, na alipoanguka aliondoka nalo. Wakamlaza Ma kwenye mtaro, juu ya vitunguu vyangu, wakampiga mpaka viatu vya mjini vikamtoka. Na muda wote huo mimi nipo juu ya paa, kwenye tarumbeta, nawaita, njooni mama zangu, njooni.

Polisi walipofika ndipo Gwak akafungua mlango akaizima. Uso umemjaa damu, si yake. Akaniambia, "Nilidhani unanitukana tena. Nimekuja kugombana."

Nikamwambia asante. Ilinitoka kwa shida.

Ma yupo mahabusu ya wilaya. Anasema tuligombania njia, na kwamba yeye ndiye aliyepigwa, na sikio analo moja la kuonyesha. Atatoka muda si mrefu. Akitoka atarudi, na mavuno yatakuwa yamekwisha, hakutakuwa na mtu shambani.

Uliniandikia nisiulize, siyo kwa ajili yako. Kama ulinyamaza ili mimi nisiguswe, basi nimeshaguswa. Huna tena cha kunilinda nacho. Mzee Ok bado yumo ndani kwa neno lako.

Alisimama au alilala?

Bibi yako


Mahabusu, Suwon, 5 Julai 1996

Bibi,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, sikuvua viatu. Nilitoka moja kwa moja kwenda kituoni.

Alilala.

Magari mawili yaligusana kidogo tu, taa na bampa. Wenyewe walisimama katikati ya njia na makopo ya rangi, hakuna aliyekubali kusogeza. Tak alifika kwanza, mimi na Ma tukafika nyuma yake. Ukungu ulikuwa mzito, sioni hata ncha ya gari langu. Mmoja wetu alitakiwa arudi nyuma kuweka pembetatu. Lakini anayerudi nyuma, akigeuka anakuta mwenzake ameshafunga ndoano, na gari ni la aliyefunga. Kwa hiyo hakwenda mtu. Huku ndivyo ilivyo kila siku. Pembetatu zetu zote bado zina nailoni ya dukani.

Ma alimwambia Tak aondoke. Tak akamtukana mama yake. Ma akampiga goti kwa chuma cha jeki, na alipoanguka akampiga la pili. Wenye magari wakaruka kingo wakakimbilia kwenye tuta. Ma akaniamuru niingie garini ninyanyue moja ya yale magari. Nikaingia. Nikanyanyua. Tak alikuwa njiani nyuma yetu. Tulianza kuondoka, lori likaja, na Ma akanibakiza pale niwe shahidi.

Ma alitupa chuma cha siku ile mferejini, kando ya barabara kuu. Polisi wamekipata mahali nilipowaonyesha.

Mzee Ok ataachiwa. Mimi nitashtakiwa kwa ushahidi wa uongo na kwa kumwacha mtu hatarini. Usije na vidole hivyo. Uniletee tu soksi, nyeupe.

Nimekueleza yote.

Gang-uk


Uiseong, 27 Oktoba 1996

Gang-uk,

Vidole viwili vimerudi kazini, cha tatu kimebaki kimenyooka, namwonyeshea Gwak kila asubuhi. Bun-i anabeba kitukuu kwa bega moja. Tumepanda tena. Soksi zimo kwenye kifurushi, na nyeupe ni nyeupe, wasikwambie lolote.

Uliniona mahakamani. Nilikaa mstari wa pili kwa kuwa wa kwanza waliketi watu wa Tak. Mama yake ni rika langu. Hakulia. Lilipotajwa lile pigo la pili alijishika goti lake mwenyewe.

Uliandika kwamba umenieleza yote. Akasimama yule mama mwenye moja ya yale magari mawili, mwenye koti la kijivu. Jaji akamuuliza alisikia nini akiwa juu ya tuta, maana kuona hakuona. Akasema alisikia mtu analia, anaita, "Ndugu, nivute mguu, nivute tu mguu." Akasema kisha ndani ya gari la kuvuta mtu akapandisha muziki. Nyimbo za wazee, akasema, zile za kuuzwa kwenye vituo vya mapumziko. Ukapanda mpaka mwisho, asisikie tena kitu, mpaka lori.

Jaji aliandika, akapita. Kwake ilikuwa kelele tu. Mimi niliijua kaseti. Niliinunua mimi. Ulikuwa umeinamisha kichwa kizimbani, hukunitazama, na nikajua sasa kwa nini uling'oa redio.

Umenifundisha kwa herufi kubwa kitufe kipi kinapandisha sauti.

Sitaandika kwamba nimekusamehe. Aliyekuita hakuwa mimi. Mzee Ok alikuja hapa na mkewe, wakaleta sanduku la matofaa, wakainama mpaka chini uani kwangu wakishukuru kwa mjukuu aliyesema kweli. Nilishindwa kuyala. Nimempelekea mama yake Tak, sanduku zima na misuko ya vitunguu niliyosuka mwenyewe. Alipokea, akafunga mlango. Nitapeleka tena mwakani.

Kifungo cha mwaka mmoja na nusu si kirefu, na Ma hatatoka kabla yako. Kula wanachokupa, usichague. Gwak anauliza kama utataka kazi ya mtaro, naona ameanza kuuchimba kweli.

Siku ya kutoka usipande basi. Nitakuja na pikapu, na kioo kipya kimeshawekwa. Toka huko mpaka nyumbani ni nusu siku kwa mwendo wangu, na mimi siendi haraka kwa ajili ya mtu. Redio itakuwa imezimwa. Utaniambia alivyoita, neno kwa neno, tangu la kwanza, na nitasikiliza njia nzima.

Bibi yako, Bae Mal-sun